Je, kebo ya umeme ya Sh38,000 itaondoa mvumo kwenye amplifaya yangu?

Ndugu Mshauri,

Assalamu alaikum. Nimekuwa msomaji wa safu hii kwa muda mrefu, na leo nimelazimika kuandika kwa sababu jambo linalonisumbua limeanza kuleta mvutano nyumbani.

Marehemu baba yangu alituachia sanduku la kanda za taarabu, kasida na maulidi. Nyingi zilirekodiwa arusini na majumbani hapa hapa mtaani, na baadhi yake zina sauti za wazee ambao hatunao tena. Kwa kuwa kanda huharibika kwa unyevu na joto la pwani, nimeamua kuzinakili zote kwenye kompyuta ili ndugu zangu walioko Mombasa na Uarabuni wapate nakala. Deki ya kanda na amplifaya nimeviweka ukumbini, juu ya meza iliyo chini ya zidaka, navyo vinapata umeme kutoka soketi ya ukumbi. Kompyuta ya mezani iko karibu navyo, lakini kwa kuwa soketi hiyo imejaa, nimeivutia ekstensheni kutoka chumba cha ndani. Waya wa sauti unatoka nyuma ya amplifaya na kuingia kwenye kompyuta.

Tatizo langu ni mvumo. Wimbo unapokwisha na kabla ya mwingine kuanza, spika hutoa sauti nzito isiyokatika, na sauti hiyo inaingia hata kwenye nakala ninazorekodi. Jambo jingine nililoliona ni kwamba nikisogeza kipanya cha kompyuta, mkwaruzo mwembamba husikika juu ya ule mvumo, ukifuata mwendo wa mkono wangu.

Nilimwita kijana mmoja ambaye ni fundi wa redio. Alifungua plagi ya amplifaya, akaukata waya wa kijani na njano, na mvumo ukapungua hadi karibu kutoweka. Nilifurahi. Lakini baadaye, nilipochomoa waya wa kompyuta ili nisafishe meza, mgongo wa mkono wangu uligusa kasha la amplifaya nami nikahisi kutekenywa. Tangu siku hiyo mke wangu amewakataza watoto kuingia ukumbini.

Sasa muuzaji mmoja wa vyombo vya muziki, ambaye nilimpigia simu kuomba ushauri, ameniambia kuwa chanzo cha yote ni waya wa umeme wa kawaida uliokuja na amplifaya, kwamba waya huo unapitisha uchafu wa umeme, na kwamba dawa yake ni kebo maalumu yenye shaba safi, wavu wa kinga na plagi iliyopakwa dhahabu. Bei yake ni Sh38,000. Fedha hizo tulizitenga kwa ajili ya kubadilisha boriti za dari. Mke wangu hataki kuisikia habari ya kebo, nami nasema kanda hizi hazina bei. Naomba unieleze waziwazi: kebo hiyo itauondoa mvumo huu au haitauondoa?

Msomaji wa Langoni, Lamu

*

Wa alaikumu ssalamu, ndugu yangu wa Langoni.

Kabla sijalijibu swali lako, nakuomba uichomoe plagi ya amplifaya sasa hivi, na usiirudishe ukutani mpaka iwe na ethi kamili tena. Waya huo wa kijani na njano ndio ethi, na kazi yake moja tu ni kukulinda wewe na watoto wako. Ikitokea siku kinga ya waya ndani ya transfoma ikachakaa na umeme wa volti 240 ukagusa kasha la chuma, ethi huupa mkondo mkubwa njia ya kupita, fyuzi iliyo ndani ya plagi hukatika papo hapo, na mambo yakaishia hapo. Ethi ikiwa imekatwa, kasha hubaki na umeme wote likisubiri mkono wa mtu. Fikiria mtu aliyetoka kutia udhu, miguu ikiwa na maji, akapita peku kwenye sakafu na kuinyosha mkono kupunguza sauti. Sisemi hivi kukutisha. Huko kutekenywa ulikokuhisi ni umeme mdogo unaovuja kawaida kutoka ndani ya chombo, ambao ulikuwa ukienda zake kwenye ethi na sasa hauna pa kwenda. Wala si ajabu kwamba uliuhisi siku ile tu uliyochomoa waya wa kompyuta: siku nyingine zote, ule wavu mwembamba wa shaba ulio ndani ya waya wa sauti ndio uliokuwa ukifanya kazi ya ethi kupitia kompyuta. Wavu huo haukutengenezwa kubeba mkondo wa hitilafu, na ukilazimika kuubeba unaweza kuungua. Mkeo amefanya vyema kuwazuia watoto.

Sasa nije kwenye swali. Kebo hiyo haitauondoa mvumo wako, na ushahidi umo ndani ya barua yako mwenyewe. Kijana yule alikata waya mmoja tu, ethi, na mvumo ukaondoka. Nyaya mbili zinazoleta umeme kwenye amplifaya hakuzigusa, na waya wa kawaida anaoulaumu muuzaji ulibaki pale pale. Kama uchafu ungekuwa unaingia kupitia nyaya hizo mbili, kukata ethi kusingebadilisha chochote. Ukinunua kebo ya Sh38,000 yenye ethi kamili, kama inavyopaswa kuwa, utakuwa umelipa fedha hizo zote kuurudisha mvumo.

Kinachokusumbua ni kile ambacho mafundi wa sauti hukiita kitanzi cha ethi. Amplifaya yako ina ethi yake kupitia soketi ya ukumbi. Kompyuta ina ethi yake kupitia ekstensheni ya chumba cha ndani, na huenda soketi ya chumba hicho iko kwenye laini tofauti kutoka ubao wa umeme. Ethi hizo mbili hukutana kwenye ubao, na vyombo hivyo viwili hukutana tena kupitia wavu wa waya wa sauti, kwa hiyo pamekuwa na duara kamili la shaba linalozunguka nyumba. Friji na pampu ya maji huvujisha mkondo mdogo kwenye nyaya za ethi, na sumaku inayotoka kwenye nyaya za umeme zilizo ukutani huongeza wake. Matokeo yake ni kwamba ethi ya ukumbini na ethi ya chumbani hazilingani. Baina yake huwa na tofauti ya milivolti kadhaa, inayobadilika mara 50 kwa sekunde kama umeme wenyewe. Tofauti hiyo husukuma mkondo ndani ya wavu wa waya wa sauti, na chombo kinachopokea hakina namna ya kuitenganisha na muziki. Sauti inayosafiri kwenye waya wa aina hiyo kwa kawaida ni kama thuluthi moja ya volti. Milivolti 3 za mvumo ni sehemu 1 ya 100 ya kiasi hicho, na sikio husikia hata chini ya hapo, hasa usiku ambapo mtaa umetulia na kanda iko kimya baina ya nyimbo.

Kipanya chako nacho kinashuhudia hayo hayo. Kompyuta hujaa mikondo ya kasi inayobadilika kila inapofanya kazi, na sehemu ya mikondo hiyo humwagika kwenye ethi yake. Mkwaruzo unaofuata mkono wako unatoka ndani ya kompyuta na kuingia kwenye waya wa sauti. Haukupitia waya wa umeme wa amplifaya.

Inafaa pia kujua kinachoupata umeme baada ya kuingia kwenye amplifaya, kwa sababu hapo ndipo hoja ya wauzaji wa kebo hizi inapokosa nguvu. Umeme wa ukutani hauingii kwenye muziki moja kwa moja. Kwanza transfoma huushusha, halafu dayodi huugeuza uelekee upande mmoja, kisha kapasita kubwa huulainisha mpaka uwe tulivu kama wa betri. Mhandisi aliyeichora amplifaya hakutegemea umeme safi. Alijua kuwa utavuka mamia ya kilomita za waya, transfoma za juu ya nguzo, na nyaya za ukutani ambazo huenda zimezeeka, na akaweka kinga ndani ya chombo. Mita moja na nusu ya mwisho haiwezi kurekebisha safari yote iliyotangulia. Hata kwa hesabu tofauti ni ndogo mno: waya wa kawaida wa milimita 1.5 za mraba na wa urefu huo una ukinzani wa takriban omu 0.035 kwenda na kurudi, hivyo amplifaya ikivuta ampea 1, kinachopotea njiani ni volti 0.035 kati ya 240. Friji ya jirani inapowaka, umeme wa mtaani huyumba zaidi ya hapo.

Utasikia watu wakiapa kwamba wamebadilisha kebo na muziki ukafunguka. Siamini kwamba wanadanganya. Mtu aliyelipa fedha nyingi husikiliza kwa makini zaidi, na akisikiliza kwa makini husikia mambo ambayo yalikuwepo siku zote. Ndiyo maana jaribio la haki ni lile ambalo msikilizaji hajui ni kebo gani imeunganishwa. Mwaka 2004 jaribio kama hilo lilifanywa huko California, Marekani, na wasikilizaji wake walikuwa watu wapenzi wa vyombo vya muziki vya gharama, waliotarajia kusikia tofauti kati ya kebo ya umeme ya bei kubwa na ya kawaida. Walipata majibu 73 sahihi kati ya 149. Mtu akibahatisha kwa kurusha sarafu, hupata hapo hapo.

Hata hivyo nisije nikamwonea muuzaji, maana yapo mambo ambayo waya wa umeme unaweza kuyabadilisha. Kebo yenye wavu wa kinga hupunguza mawimbi yanayotoka kwenye waya wenyewe na kuingia kwenye nyaya za sauti zilizolala kando yake. Lakini ukizitenganisha nyaya hizo kwa shibiri moja au mbili, au ukizipitisha zikatane kama msalaba badala ya kwenda sambamba, umepata faida hiyo hiyo bila gharama. Kipande cha feraiti kinachobanwa juu ya waya huzuia kelele za kasi kubwa, kama zile za taa za LED za bei rahisi, nacho huuzwa kwa bei ndogo kwa mafundi wa vyombo vya elektroniki. Pia ethi iliyo nene zaidi huweza kupunguza kidogo tofauti ile ya milivolti, ila unene ni unene, na shaba ya waya wa kawaida inatosha.

Jambo ambalo kwetu pwani lina uzito kuliko yote hayo ni chumvi. Ukiitazama kwa karibu plagi iliyokaa Lamu au Malindi kwa miaka michache, utaona pini zimepoteza mng'aro na kuwa na madoa ya kahawia, na ukifungua kifuniko utakuta uzi wa shaba umeota ukungu wa kijani pale unapobanwa na skrubu. Ncha za nyaya za sauti nazo hupata utando huo huo. Mguso mbovu huleta mkwaruzo, hukata upande mmoja wa spika, na kwenye plagi huleta joto. Na sokoni kuna nyaya za umeme ambazo ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba, nyembamba kuliko ilivyoandikwa juu yake, na nyingine pini yake ya ethi haijaunganishwa na chochote. Waya wa namna hiyo utupe bila kusita, na sababu iwe ni usalama.

Hatua zako basi ziwe hivi. Usihangaike kuirekebisha plagi iliyokatwa. Ikiwa waya wa amplifaya yako unachomoka nyuma, kama kebo anayokuuzia muuzaji inavyodai, nunua waya wa kawaida wa pini tatu, ule ule unaotumika kwenye kompyuta za mezani, kutoka duka unaloliamini, na umwombe fundi aupime kwa mita ahakikishe ethi inafika upande wa pili. Kisha, kabla hujaunganisha kitu kingine chochote, iwashe amplifaya ikiwa na spika peke yake. Ikiwa kimya, haina hatia. Ikiwa inavuma hata sauti ikiwa imefungwa kabisa, basi kapasita zake zimekauka kwa umri na joto, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye uzoefu. Kwa maelezo yako sidhani kama umefika huko. Rudisha deki ya kanda. Deki nyingi hazina waya wa ethi ndani ya plagi yake, kwa hiyo sitarajii ilete mvumo. Mwisho unganisha kompyuta.

Mvumo ukirudi hapo, ondoa ekstensheni ya chumba cha ndani na uchomeke deki, amplifaya na kompyuta zote kwenye ekstensheni moja nzuri, iliyoingia kwenye soketi moja ya ukumbi. Vilivyokuwa vimeijaza soketi hiyo vihamie kwingine. Usiogope kuilemea. Plagi ya ampea 13 hubeba zaidi ya wati 3,000, na vyombo vyako vyote kwa pamoja kwa kawaida havitafika wati 500. Sasa lile duara la shaba lililokuwa likizunguka nyumba limekuwa dogo, ethi za vyombo zinakutana mahali pamoja, na tofauti baina yake karibu inakwisha. Mara nyingi mvumo hukoma kwa hatua hii peke yake. Ukitaka kuwa na hakika kabisa kuhusu chanzo, azima kompyuta ya mapajani, iendeshe kwa betri bila chaja, na urekodi dakika chache za kanda: hakuna ethi upande ule, hakuna kitanzi, na mvumo hautakuwepo. Kwa kweli, ukimpata wa kukuazima kwa muda mrefu, unaweza kuimaliza kazi yote kwa njia hiyo.

Ikiwa bado kuna mabaki ya mvumo baada ya kuunganisha kila kitu mahali pamoja, kuna kijisanduku chenye transfoma ndogo za kutenganisha, ambacho huwekwa katikati ya waya wa sauti. Muziki hupita ndani yake kwa sumaku, lakini shaba ya upande mmoja haigusani na ya upande wa pili, na hivyo kitanzi hukatika mahali salama badala ya kukatwa kwenye ethi. Tafuta chenye transfoma nzuri, kwa kuwa vile vya bei ya chini sana hupunguza sauti za chini za ngoma. Safisha pia ncha zote za nyaya za sauti, vyombo vikiwa vimechomolewa, kwa kitambaa kilicholoweshwa alkoholi ya isopropili inayopatikana katika maduka ya dawa. Usitumie msasa, maana utaondoa mpako na chumvi itaila shaba upesi zaidi.

Sehemu ya fedha zenu ningeiweka kwa fundi wa umeme mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, aje akague ubao wenu, aipime fimbo ya ethi iliyopigwa ardhini na kuijaribu ile swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja. Mchanga mkavu hauupokei umeme vizuri, na nyumba nyingi za mawe katika mji wa kale zilijengwa muda mrefu kabla ya umeme kuwepo, kwa hiyo nyaya zake zimepachikwa kwa nyakati na kwa mikono tofauti. Ukaguzi huo hautapunguza mvumo. Unahitajika kwa sababu kasha limekwisha kukutekenya, na sijui bado kama ethi ya soketi zenu ni nzima. Zilizobaki ziende kwenye boriti, kama mlivyokubaliana.

Kuhusu kanda zenyewe, ile sauti laini ya "shhh" utakayoisikia baada ya mvumo kuondoka ni ya kanda yenyewe, nayo haihusiani na umeme. Zile ulizokwisha kuzinakili zikiwa na mvumo zinakili upya. Usitegemee programu ya kusafisha sauti, kwa sababu ili iuondoe mvumo wa mizunguko 50, na ya 100 na 150 inayoufuata, itabidi ichote na ngoma zilizo katika sauti hizo hizo. Kabla ya kila kanda, ipeleke mbele mpaka mwisho na kuirudisha, ili ukaze mkanda uliolegea, na uifute kichwa cha deki kwa pamba yenye alkoholi ile ile. Anza na zile zilizorekodiwa majumbani, kwa kuwa hizo hazina nakala nyingine popote.